Mama Asilimia Hashikiki

Hata kabla hajaingia kwenye siasa, mtaani kwake walishampa jina. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza uwezekano wake ni kiasi gani. Ukimwambia mtoto amepona, atataka kujua amepona nusu au robo tatu. Wauza nyanya wakambandika Mama Asilimia, naye akacheka, maana alijua jina la utani ukilikasirikia ndipo linapoganda.

Alikuwa mchumi wa Hazina, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha la kutazama ua wanakoegesha magari ya wakubwa. Baba yake, seremala, alimsomesha kwa kuuza vitanda na meza. Siku alipohitimu, mzee alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, nimekusomesha useme unachokijua. Wa kuitikia wapo tele."

Neno hilo lilikuja kumtia matatani mwaka ule serikali ilipoamua kuondoa ruzuku ya mafuta ya taa. Waziri alimwita ofisini kwake, akamkaribisha chai. Akajua hapo hapo kuna jambo, kwa kuwa waziri huyu hakuwahi kumkaribisha hata maji.

"Dada yangu, wananchi wanakuamini," waziri akasema. "Kesho asubuhi nenda redioni, uwaambie bei zitapanda kidogo tu, halafu zitashuka zenyewe."

"Zenyewe, mheshimiwa? Kwani bei ina miguu?"

"Unajua ninachomaanisha."

"Najua. Na ripoti niliyokuletea inasema nauli itapanda, unga utapanda, na havitashuka."

Waziri akaweka kikombe chini. "Hebu niambie, wewe ni mchumi wa serikali au wa sokoni?"

"Uchumi uko sokoni, mheshimiwa. Hapa tuna makaratasi yake tu."

Kesho yake alikwenda redioni kama alivyotumwa. Mtangazaji, mtu mchangamfu aliyekwisha kuandikiwa maswali, akamuuliza, "Kwa hiyo wananchi wasiwe na wasiwasi?" Akasogeza maikrofoni karibu.

"Wawe nao. Bei zitapanda na hazitashuka, na waliopanga jambo hili wanajua."

Akafungua kinywa aendelee, muziki ukapigwa.

Mumewe alikuwa fundi redio. Saa ile alikuwa dukani akijaribu redio alizozitengeneza, zote zimefunguliwa, na mkewe akasikika kutoka kila rafu. Jioni mama aliporudi, alimkuta bwana amekaa kizingitini.

"Umemwaga unga," mume akasema.

"Nimeumwaga."

"Haya, kaa." Akasogea kumpisha. "Ila ungenionya, mke wangu. Kuna mzee alifuata redio yake, akaikataa. Anasema inatoa maneno ya kufungisha watu."

Wakacheka mpaka machozi. Mengine ya machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Hawakumfukuza, maana ukimfukuza mtu kama yule unampa jukwaa. Walimshusha chini, kwenye ghala la viti vibovu. Cheo kile kile, kazi hakuna, simu hakuna. Walitaka achoke mwenyewe, apande ngazi na kuomba radhi. Siku mbili tatu alikaa akitazama ukuta, akijisikia kama chombo kilichopitwa na wakati. Kisha akakumbuka yeye ni mtoto wa nani. Akaja na nyundo, misumari na gundi kwenye mkoba, akaanza kutengeneza viti. Nyundo ikasikika jengo zima. Baada ya muda makarani wakaanza kuteremka kwa kunyemelea, mmoja mmoja, kuomba kiti; na wakishakipata, hawaondoki, wanauliza habari za bajeti. Ghala likawa na watu kuliko ukumbi wa mikutano.

Asubuhi moja akakuta kufuli jipya mlangoni. Akaligusa, akatabasamu, akaenda moja kwa moja kuandika barua ya kuacha kazi. Mchana wa siku hiyo alikuwa anapanda ngazi za ofisi ya chama cha upinzani, chama kidogo kilichopanga chumba juu ya duka la magodoro.

"Mnatafuta mgombea ubunge," akawaambia. "Mimi hapa."

Aliyeumia kwanza alikuwa kaka yake mkubwa, aliyekuwa na lori la kubebea saruji ya miradi ya serikali. Alimjia nyumbani, hakutaka hata kukaa.

"Mdogo wangu, ukigombea wewe, lori langu litalala."

"Kaka, sikuombi kura yako. Nakuomba usiniombe ninyamaze."

Kaka akaondoka bila kuaga. Haukupita muda, lori likalala kweli. Wakawa wanapishana barabarani kama wapangaji waliogombana, na hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko vitisho vyote.

Kampeni nazo zikawa vuta nikuvute. Akiomba kibali cha mkutano, hakitoki. Akikodi vipaza sauti, vinakamatwa njiani. Mwisho akaingia sokoni mikono mitupu, akapanda juu ya kreti, akaanza kueleza kwa nini mafuta ya taa yamepanda. Waliokuwa mbele wakarudia maneno yake kwa sauti ili wa nyuma wasikie, na wa nyuma wakayapeleka mbali zaidi, mpaka kwa wauza mkaa kule mwisho. Polisi walipofika, watu walikuwa wameshafikia sehemu ya mapendekezo.

Kituoni, sajenti alimtazama kwa uchovu. "Mama, umefanya mkutano bila kibali."

"Nimezungumzia mafuta ya taa na watu wanaonunua mafuta ya taa."

"Kulikuwa na umati."

"Ni soko, afande. Umati nimeukuta."

Sajenti akakohoa, akainamisha uso apate kumaliza kicheko chake. Hata hivyo alimlaza ndani, kwenye sakafu ya saruji, pamoja na wanawake waliokamatwa kwa kuuza ndizi barabarani. Mpaka kunakucha, walikuwa wameshajua kodi ni nini na inakwenda wapi.

Uchaguzi akashindwa. Matokeo yalisomwa harakaharaka na mtu asiyetaka kuinua macho. Akaenda mahakamani, kesi ikatupwa. Ndipo waziri akamtuma mjumbe mwenye maneno laini: kuna nafasi ya mshauri, kuna gari, na lori la kaka linaweza kurudi kazini kesho.

Mama Asilimia hakumjibu mjumbe. Alikwenda kwa kaka yake, akamkuta chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Kaka, wanasema lori lako litarudi kazini nikikubali cheo. Nitakataa. Nimekuja nikuambie mwenyewe, ili ukinitukana, unitukane ukijua yote."

Miguu ikatulia. Kaka akajitokeza taratibu, akajifuta mafuta mikononi kwa kitambaa.

"Walianzia kwangu," akasema. "Walitaka nikushawishi. Nikawaambia huyo hashikiki, nimelelewa naye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungedhani nakuomba ukubali." Akagonga ubavu wa lori kwa kiganja. "Uchaguzi ujao mtahitaji gari la kubeba watu. Hili halina kazi."

Hapo ndipo mama yule, aliyelala rumande bila kutoa chozi, alipolia kama mtoto.

Mara ya pili alishinda, na kwa tofauti ambayo hata msomaji wa matokeo hakuweza kuimeza. Mafuta ya taa hayajashuka bei, asikudanganye mtu. Serikali ni ile ile. Lakini siku ya bajeti, waziri akisema maisha yamekuwa nafuu, mtu husimama upande wa pili na kuuliza nafuu kwa nani.

Mwaka jana alisimama hivyo hivyo, akasema waziri anawadanganya wananchi kuhusu bei, bunge zima likaguna.

"Mheshimiwa, futa kauli yako," Spika akaamuru.

"Kauli naweza kuifuta, Mheshimiwa Spika. Bei je, nitaifutaje?"

Akaamriwa atoke. Askari wa bunge akamjia, akanyoosha mkono amshike begani. Mama Asilimia akakusanya karatasi zake bila haraka, akarekebisha mtandio.

"Usinishike, mwanangu," akamwambia. "Mlango naujua. Na kesho nitaingilia huo huo."