Kerneli Iliyolia Ovyo

Sijawahi kuvumilia kelele zisizo na kazi, ndiyo maana kompyuta ya mizani ilinipandisha mori siku ileile nilipoitwa kuirekebisha. Ilikuwa miaka ya tisini, katika kiwanda cha matunda kule Eneo la Viwanda, Thika. Malori ya mananasi yalipimwa langoni na uzito ukaingia kwenye kompyuta. Lakini mizigo mingine haikuonekana humo, na meneja alishaamua kumfuta kazi mama mmoja kutoka kijiji cha Mugutha aliyesimamia mizani. Alidhani hapimi.

Skrini niliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni.

"Hiyo kitu inaniambia memory imeisha siku mzima," mama alinieleza. "Na hakuna kitu imeharibika. Nikachoka nayo, nikaifunika."

Sikumlaumu hata kidogo. Kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaozigawia programu kumbukumbu, ilipiga mayowe kila kadi ya mtandao, kile kipande kinachoiunganisha kompyuta na nyingine, iliponyimwa nafasi, ingawa kadi ilijaribu tena na kufaulu papo hapo. Nilisoma msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, mpaka macho yakaniuma, nikakuta upuuzi wenyewe. Uzito wa lori ulipokosa nafasi ulitupwa tu, na hapo ndipo kerneli iliponyamaza. Nilikasirika kweli.

Nikaiandika upya sehemu hiyo. Kinachoweza kujaribiwa tena kisipigiwe kelele. Kinachopotea moja kwa moja kitangazwe. Kisha nikamwita meneja ajionee, naye akaja amenuna, akaketi kwenye kiti cha mama na kukodolea skrini macho.

Malori yakapita, skrini kimya. Meneja akaanza kutazama saa. Hatimaye likapanda mizani lori la kutoka Murera, mama akapima, na mstari mmoja ukajitokeza: uzito wa lori hilo umepotea kwa kukosa kumbukumbu. Nilitaka kucheza ngoma palepale.

"Amepima, umeona mwenyewe," nikamwambia meneja. "Mashine ndiyo imeutupa."

Mama alikuwa ameshafungua dirisha.

"Dere, rudisha hiyo gari kwa mizani," alimwamuru dereva. Kisha akamgeukia meneja, uso umemchangamka. "Na wewe boss, toka kwa hiyo kiti yangu. Niko kazi."