Pikapu Iliyolazwa Ukweni

Kwanza liwekwe sawa lile linalosemwa. Marehemu Cuthbert hakumpiga picha mama mkwe wake bafuni. Hakumpiga akioga, hakumpiga akitoka kuoga, wala hakuwahi kumiliki picha yake ya namna yoyote mpaka anaingia kaburini. Wanaolisimulia hilo pale Liuli wakingojea mitumbwi, na wanaolitia chumvi huko sokoni Mbinga, hawakuwapo. Kamera iliyoonekana ikining'inia kwenye paa la nyumba ya Mkumbi ilikuwa ganda tupu. Ndani yake hamkuwa na kitu ila vumbi na mayai ya mjusi.

Habari yenyewe ni hii.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Mwenye gurudumu alikula, asiye nalo alisindikiza. Cuthbert aliacha ukarani, akanunua pikapu iliyokwisha kutumika Japani, akaanza kupandisha usipa, wale dagaa wakavu, kutoka ziwani na kuteremsha maharage na mahindi kutoka Umatengo. Mkewe, Serafina, mama wa mtoto wao Herieth, alikuwa mwalimu pale Liuli, mzaliwa wa Mkumbi, huko huko Umatengo. Pikapu ilinuka usipa hata ikioshwa kwa sabuni mara tatu, na Cuthbert aliipenda hivyo hivyo. Alikuwa akiiaga kila jioni kwa kuipiga kofi dogo ubavuni, kama mtu anavyomuaga rafiki.

Tatizo lilikuwa masika. Mvua zikikolea, barabara ya kuteremkia ziwani haikufaa kwa gari linalomlisha mtu. Kwa hiyo kila Machi Cuthbert aliilaza pikapu Mkumbi, uani kwa mama mkwe wake, Mama Bonifasia, akarudi Liuli kwa miguu na kwa lifti za matrekta. Mlinzi alikuwa shemeji yake Erasmo, mdogo wake Serafina, aliyelala ndani ya gari kila usiku.

Mkwe huyu na mama mkwe wake waliheshimiana kwa desturi ya zamani. Kila alipofika Mkumbi, Cuthbert alipiga honi mbili kabla ya kona ya mibuni ili Mama Bonifasia awahi kuingia ndani. Katika miaka kumi na minne ya ndoa hawakuwahi kutazamana usoni. Salamu zao zilipitia kwa Erasmo, hata pale ukuta mmoja tu ulipowatenga na kila mmoja akamsikia mwenzake vizuri.

"Erasmo, mwambie mama nimemletea usipa."

"Mama, shemeji anasema amekuletea usipa."

"Mwambie nimesikia. Mwambie asante, na mwambie amekonda."

"Shemeji, umekonda."

Mwaka wa tisini na tisa vitu vikaanza kupotea. Kwanza kifuniko cha gurudumu moja, halafu cha pili. Halafu kioo cha pembeni, kimefunguliwa taratibu bila kuvunjwa. Kisha kifuniko cha tangi la mafuta, na mdomo wa tangi ukaachwa umezibwa kwa gunzi la hindi. Vyote vilipotea mchana, siku za Jumatano.

Kaka yake Cuthbert, Zabron, aliposikia hakumung'unya maneno. "Mlinzi analala ndani ya gari, na gari linanyofolewa. Huyo analala au anafungua nati? Masika yakiisha nitapanda Mkumbi mwenyewe, nitamtaja Erasmo kuwa mwizi mbele ya paroko wao na watu wao wote. Na huo ukwe tutauangalia upya."

Zabron alikuwa mtu wa kufanya alilosema. Serafina alilijua hilo, na alijua kwamba neno mwizi likitamkwa uani kwa mama yake, hata lingefutwa baadaye, yeye asingekuwa tena na kwao wala asingekuwa na uso pale Liuli.

Erasmo naye aliteremka siku nzima kwa miguu kuja kujitetea. Alisimama mlangoni bila kuketi. "Shemeji, mimi nakunywa, sikatai. Lakini siibi. Nitegee mtego wowote unaoutaka, na mimi nikiwa ndani yake."

"Keti ule kwanza," Cuthbert akamwambia. "Mtego nitautega, lakini si wa kukunasa wewe. Ni wa kukutoa."

Pale Mbinga mjini alikuwapo Flaviani, mpiga video wa maharusi. Cuthbert alimfuata ofisini kwake.

"Flaviani, unaweza kupiga harusi isiyo na watu?"

"Shikamoo, mzee. Bwana harusi ni nani?"

"Pikapu."

Flaviani alicheka, lakini kazi aliielewa. Alikuwa na kamera mbili, moja nzima na moja iliyokufa. Iliyokufa waliitundika kwenye paa la Mama Bonifasia, wazi kabisa, ili mwenye nia mbaya aione aogope. Nzima waliificha ng'ambo ya njia, ndani ya ghala la chama cha msingi, lililofungwa tangu wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia. Dirisha lake lililovunjika lilitazama pikapu uso kwa uso. Kila Jumatano saa nane mchana Flaviani angeingia, angewasha, angeiacha izunguke saa mbili mpaka kanda iishe, na yeye angekwenda kunywa chai mbali. Kamera ya ghalani waliijua watu watatu tu: Cuthbert, Serafina na Flaviani. Erasmo hakuambiwa, kwa kuwa siri iliyofika kilabuni haikuwa siri tena.

Hapa Cuthbert alikosea, na ndilo kosa lake pekee katika habari hii nzima. Alifikiria gari, akasahau ua ni wa nani. Upepo uliigeuza ile kamera ya paani siku ya kwanza tu, ikatazama upande wa bafu la nyasi. Mama Bonifasia alipoambiwa na Erasmo kwamba kile ni chombo cha kuonea, aliweka ngazi, akapanda na miaka yake sitini na mitano, akaifunga kilemba.

"Hata kama ni ya mkwe wangu," alisema, "jicho lake halitanikuta nikitoka kuoga."

Majirani wakaona kamera imevishwa kilemba, wakauliza, wakajibiana wenyewe. Uvumi wote ulizaliwa kwenye kilemba hicho.

Likizo ya Pasaka Serafina akapanda na mumewe hadi Mbinga kuangalia kanda tatu za Jumatano tatu. Flaviani alipowasha televisheni, Cuthbert alikigeuza kiti chake akatazama ukuta, penye kalenda.

"Mzee," Flaviani akasema, "harusi zote nilizopiga, sijaona bwana harusi anayekaa hivyo."

"Ua ule ni wa mama. Anaweza kupita. Mwalimu, tazama wewe, unisimulie."

Serafina akatazama. Kanda ya kwanza ilikuwa mvua.

"Sasa?"

"Mvua."

Kanda ya pili.

"Nini hicho?"

"Kuku. Amepanda juu ya boneti."

"Na sasa?"

"Kuku yule yule, Baba Herieth. Akitokea mwingine nitakuambia."

Kanda ya tatu, kama nusu saa hivi, pembe ya kanga ikaingia kwenye picha. Serafina aliitambua kanga hiyo, aliinunua yeye.

"Flaviani," alisema, "katuletee soda."

"Mwalimu, mbona hapa ndipo panaanza..."

"Tatu. Na yako."

Flaviani akatoka. Kwenye kioo cha televisheni Mama Bonifasia alizunguka pikapu, akatazama njiani huku na huku, akapiga magoti matopeni. Alitoa kisu cha mezani kiunoni, akakibandua kifuniko cha gurudumu la tatu kwa subira ya mtu anayemenya muhogo, akakitia chini ya kanga, akaondoka. Huyu ndiye mwanamke aliyetunza ufunguo wa sakristia ya Mkumbi. Serafina alikuwa akimsikia Zabron masikioni.

"Serafina," mumewe akasema kutoka ukutani. Kwa jina alimwita mara chache sana. "Ni nani?"

Alikuwa hajawahi kumdanganya, na hakuanza siku ile. "Ni mtu wa nyumbani. Na si Erasmo."

Cuthbert alitazama kalenda. Wa nyumbani pale Mkumbi walikuwa wawili tu, na yeye hesabu aliijua.

"Basi inatosha," alisema. "Zima."

Asubuhi yake Serafina alipanda Mkumbi peke yake. Mama yake alikuwa akichambua maharage. Serafina hakumuuliza kwa kuzunguka.

"Mama, vitu vya gari viko wapi?"

"Ndani ya kihenge, chini ya mahindi," Mama Bonifasia akajibu, akiendelea kuchambua. "Nilikuwa najiuliza utakuja lini."

Vilikuwa vimefungwa katika gunia la kahawa, kila kimoja na kitambaa chake, vimepakwa mafuta visishike kutu. Hata kile kioo cha pembeni kilikuwa kimefutwa kikang'aa.

"Wale vijana wa lori la wanunuzi walilizunguka gari mara tatu," mama akasema. "Wanagonga magurudumu kama wanachagua mtungi. Nikasema, kisichokuwapo hakiibwi."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenye gari sisemi naye. Erasmo anasema na kila mtu. Na wewe uko ziwani."

Serafina alicheka mpaka akaketi chini kwenye maganda. Mama yake hakucheka.

"Umejuaje lakini?"

"Nakujua, mama."

Juni barabara ikakauka. Cuthbert alifika Mkumbi akakuta pikapu ina vifuniko vyote, kioo chake, na tangi lililofungwa sawasawa. Hakuuliza. Alisimama karibu na ukuta wa jikoni.

"Erasmo, mwambie mama gari limetunzwa vizuri kuliko lilivyokuja."

"Mwambie," sauti ikasema kutoka ndani, "gari la mtoto wangu halilali uchi."

Erasmo, ambaye kwa mara ya kwanza hakuelewa anachokifikisha, alikifikisha.

Zabron alipokuja kuikagua pikapu pale Liuli, aliizunguka akapapasa kila nati. "Vimerudi. Vilikuwa kwa nani?"

"Vilikuwa vimewekwa," Cuthbert akasema.

"Na nani?"

"Vilikuwa vimewekwa, kaka."

Zabron hakupanda Mkumbi. Erasmo alipewa usukani miaka miwili baadaye, na hakuna nati iliyopungua mikononi mwake.

Wapo wanaokuja hadi leo, wengine wasomi, kuuliza ile kanda ya tatu iko wapi, na baada ya kisu cha mezani kuna nini katika ile saa na nusu iliyobaki. Kanda ilinunuliwa ikalipiwa. Iko wapi, na ina nini, hawaambiwi.