Kunguru na Khanga ya Bi Somoe

Enzi zetu, Kariakoo ilikuwa na kuku wengi kuliko maduka. Siku hizi mjukuu wangu anamjua kuku akiwa kipande juu ya chipsi, na nikimwambia tuliwafuga uani, baina ya choo na kamba za kuanikia nguo, ananitazama kama ninayemtania. Lakini wenzangu mliokulia zile nyumba za vyumba sita na korido katikati mnakumbuka. Mnakumbuka mlio wa kinu asubuhi, moshi wa vitumbua, gololi zikitoboa mfuko wa kaptura ya shule, na mama akikuita kwa jina lako lote ukajua leo kuna kazi.

Kazi yangu ilikuwa kulinda vifaranga wa mama, na adui alikuwa kunguru. Kuku alipotoa ule mlio wake mfupi wa kukwaruza, kifaranga aliyeanguliwa jana, asiyewahi kumwona kunguru, alikimbilia chini ya bawa au alijibana ukutani akatulia kama kokoto. Hakufundishwa na mtu. Wakubwa kidogo walijiongezea maarifa: walizoea kudonoa chini ya benchi, mahali ambapo kunguru hawezi kushuka kwa kasi. Mama alikuwa akisema, "Anayejua kukimbia ndiye atakayezeeka."

Kunguru naye alikuwa na elimu yake. Ukiinama tu kuokota jiwe, kesharuka. Ukitoka na manati, hata uwe umeificha mgongoni, wote wako juu ya bati la jirani wanakuzomea. Wanawake, hata hivyo, hawakuwakimbia. Mama akipita na ndoo, kunguru alisogea kidogo, kisha akarudi palepale. Niliyatazama hayo siku nyingi, nikapata wazo ambalo niliona ni la akili sana.

Chumba cha mwisho alipanga Bi Somoe, mama mtu mzima kutoka Lindi, hana mume wala mtoto, aliyepika vitumbua barazani. Alikuwa na khanga nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi. Siku moja niliikuta imeanikwa. Nikajitanda toka kichwani mpaka magotini, manati ikiwa ndani, nikatembea polepole kama mama aliyechoka. Kunguru mmoja alibaki ukutani akiniangalia. Nikampiga, akaanguka.

Wenzake walikuja kutoka huko kote mpaka Msimbazi, wakazunguka juu ya ua wakilia kama wako msibani. Nilikimbia na khanga kichwani. Rafiki yangu Hamisi, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliwatangazia watoto wa mtaa mzima: "Jamani, mwari katoka ndani! Njooni mumtunze!" Tangu hapo jina langu likawa Mwari.

Kesho yake Bi Somoe alijitanda khanga yake akaenda bombani. Kunguru wakamshukia. Mmoja alimdonoa kichwani, wengine wakamsindikiza mpaka barazani, wakakaa juu ya bati kumpigia kelele. Ikawa hivyo kila alipotoka nayo, na baadaye hata alipovaa nyingine, maana walikwisha kumshika sura. Majirani wakaanza maneno. "Ndege hawamfuati mtu bure," alisema mama wa chumba cha mbele. Mwingine akaongeza, "Hana mtu, ana ndege." Watoto wakakatazwa vitumbua vyake. Sinia likawa linarudi ndani kama lilivyotoka.

Nilimwambia mama. Alinichapa kwanza, kisha akawaeleza wanawake wenzake uani. Wakacheka.

"Mama Salumu, kunguru tangu lini akakariri khanga? Mwanao anamfichia tu yule bibi."

"Basi kesho asubuhi Salumu ataivaa, atoke nayo mbele yenu," mama akasema. "Wakimshukia, mtamwomba Bi Somoe radhi."

"Tutamwomba. Aivae."

Jioni Bi Somoe mwenyewe aliniletea ile khanga, kaikunja vizuri. "Utaivaa kidogo tu, baba," akasema. "Wakishakuona, vua."

Asubuhi watu walikuwa wamejaa barazani wakingoja. Nilisimama kwenye korido, khanga mkononi, nikamsikia Hamisi nje: "Mwari anatoka! Pigeni vigelegele!" Na watoto wakapiga kweli, wasichana kwa wavulana. Nikaiweka khanga juu ya mtungi, nikapitia mlango wa uani, nikakimbia mpaka shule.

Hapakuwa na aliyetaka jaribio la pili. Majirani walikwisha kupata jibu walilolitaka. Bi Somoe alihamia Buguruni kwa mpwa wake. Vyombo vyake vilipakiwa kwenye mkokoteni, naye akafuata nyuma kwa miguu, kunguru wawili watatu wakiruka juu yake, watu wakitazama milangoni na kuminyana. Alinitazama alipopita, kisha akatazama mbele. Vifaranga wa mama walikua wote.

Ile nyumba sasa ni ghorofa la maduka ya mabegi. Juzi mjukuu wangu, kijana mwenye ndevu zake, alijifunga khanga ya bibi yake akacheza mbele ya simu, akairusha picha hiyo kwa watu hata asiowajua. Walimcheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akaenda kula. Wazee wenzangu walipoonyeshwa walisikitika: "Watoto wa siku hizi hawana haya." Niliitikia kwa mazoea. Ni kweli, enzi zetu haya tulikuwa nayo. Mimi asubuhi ile nilikuwa nayo tele, na ndiyo iliyomhamisha Bi Somoe.