Baba Ataenda Palipo na Mpira

Baba alitangaza kwamba atapanda ndege mara moja tu maishani mwake. Ilikuwa kwenye simu yetu ya familia ya Jumapili, mimi nikiwa Penrith, huku nchi ya kangaruu, mdogo wangu Texas, naye Baba kwake Kakamega, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai hivi kwamba tulichoona ni pua tu. Magoti yake, alisema, hayataki safari mbili. Kwa hivyo angemtembelea mtoto mmoja, miezi mitatu, na angeenda palipo na mpira.

Si palipo na wajukuu, umesikia. Wajukuu ninao mimi. Mdogo wangu hana hata paka. Lakini Baba hutazama kila mechi ya Ulaya kwenye kibanda cha video sokoni, pale ana kiti chake kabisa, na alisema hawezi kwenda kukaa ugenini na watu wasiojua mpira akafa kwa upweke. Nilinuna. Sikuwa nimemwona Baba ana kwa ana tangu nilipokuja nchi hii kusomea uuguzi, na sasa nilikuwa nashindanishwa na mpira.

Shida ni kwamba sisi wawili tuliujua ukweli. Kwa miaka mdogo wangu amenilalamikia kwamba Amerika mpira unakuja nyuma ya ule mchezo wao wa kugongana, nyuma ya kikapu, nyuma ya besiboli, nyuma ya hoki ya barafuni, na siku nyingine nyuma ya mashindano ya kula soseji. Nami nikimwambia pole, lakini njoo uone Penrith. Huku ni raga. Wagonjwa wangu wakizinduka baada ya upasuaji, kabla hawajauliza kama wako hai, wanauliza raga imeishaje. Kiangazi huja kriketi, ambapo watu wazima husimama juani kutwa nzima wakisubiri chai. Binti yangu mwenyewe, niliyemzaa kwa uchungu, ana jezi ya raga anayolala nayo, na nikimuuliza kwa nini hachezi mpira ananijibu kwa Kiingereza kwamba huo ni wa watoto wadogo.

Ghafla sasa mdogo wangu akaanza kumwambia Baba kwamba tangu Kombe la Dunia liende kwao Wamarekani wamerukwa na akili, ni mpira kila kona. Akamtumia video ya uwanja uliofurika watu. Baba akaitazama, akairudia, kisha akauliza polepole, "Hawa mbona wamevaa helmeti? Ni wachezaji ama ni watu wa bodaboda?"

Nilicheka mpaka binti yangu akatoka chumbani kuja kuona nina nini. Kisha Baba akasema, "Haya, Mama, wewe nionyeshe wa kwenu." Huniita Mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake, na akiniita hivyo siwezi kumkatalia kitu.

Ingleburn, mwendo wa gari kutoka kwetu, kuna kiwanja ambapo Wakongomani na Wakenya huchapana mpira Jumapili baada ya kanisa. Mtazamaji huwa ni mke wa mtu mmoja, tena yuko ndani ya gari amelala. Nikampigia kapteni wa Wakongomani, mwanamume mmoja mkubwa anayefanya kazi ghalani, nikamweleza hali yangu bila aibu. Akanisikiliza, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, usiogope. Tutaleta batu." Na kweli akaleta batu, watu hasa. Alileta kwaya nzima na sare zao, akina mama na sufuria za wali, na spika za kanisa. Nikawapanga wote upande mmoja wa kiwanja, wamebanana, ili kwenye simu waonekane hawana mwisho. Mzungu mmoja mzee alikuwa akipita na mbwa wake, nikamwomba naye asimame hapo. Akaniambia yeye ni mtu wa raga. Nikampa sambusa, akasimama.

Nikampigia Baba kwa video. Kwao ilikuwa asubuhi, na alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Kwaya ikashangilia vizuri sana, hata pale ambapo hapakuwa na cha kushangilia. Baba akawa anaitikia kwa kichwa, nami nikaanza kupanga moyoni atalala chumba gani.

Basi mpira ukagonga mkono wa mtu ndani ya boksi, ama haukugonga, na hapo ndipo ikajulikana kwamba hakuna refa. "Arbitre hakuya," kapteni akaniambia. "Bamemuita ku kazi." Wanaume wakazingirana, kila mmoja anafoka kwa lugha ya mamake. Namba nne wa Wakenya, mhasibu mpole kabisa siku za wiki, akampiga mtu kiwiko cha mbavu. Nilitaka kuzima simu.

"Mama," Baba akasema, "nipeleke katikati."

Lazima nieleze kwamba kabla magoti hayajaharibika Baba alikuwa refa wa ligi ya wilaya, na refa mkali, aliyewahi kumpa kadi nyekundu naibu wa chifu aliyekuwa ameketi tu anatazama. Na naibu wa chifu akatoka. Nikaiunganisha simu na spika za kanisa, sauti ya Baba ikajaa kiwanja kizima: kila mtu arudi mahali pake. Wakarudi, wanaume na ndevu zao, wakisema samahani Mzee.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta uwanjani na viatu vya kanisani, nimeinua simu juu, kwa sababu refa lazima awe karibu na mpira. "Kimbia, Mama, refa hatembei." Nikimbie niende wapi, na mgongo huu? Lakini nilikimbia. Mtandao ulikuwa unachelewa, kwa hivyo alipopiga mbinja, ilitufikia watu wameshasahau kosa. Mara picha ikaganda, Baba mdomo wazi na kidole juu, na wachezaji wote wakasimama kuutazama ule mdomo, wasijue ni penalti ama ni kona. Mbwa wa yule mzungu akaingia akauchukua mpira. Hakuna aliyethubutu kumgusa bila ruhusa. Picha ikarudi.

"Penalti," Baba akasema. "Na huyo mbwa atoke."

Nilipogeuka kumfukuza mbwa, simu ikageuka nami, na Baba akauona upande wa pili wa kiwanja. Huko kulikuwa na pipa la taka na lile gari lenye mke wa mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika.

"Watu wengine wako wapi?" Baba akauliza.

Niliitoa simu kwenye spika, nikasogea kando. "Baba, hakuna wengine. Huku mpira haupendwi, wanapenda raga. Hawa nimewaomba waje." Nilikuwa bado nahema. Nikamwambia pia lile nililopaswa kumwambia tangu mwanzo, kwamba nina hamu naye mpaka inauma, kwamba wajukuu wake wanaijua pua yake tu, na kwamba nataka aje kwangu hata kama ni kukaa sebuleni akinikosoa. Nilidhani mtandao umeganda tena, lakini alikuwa anapepesa macho.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu alikuja amejiandaa. Alikuwa amekwenda kwenye mechi ya kweli, ya mpira wenyewe, vichwa wazi, nyasi safi, viti vimejaa. Hakudanganya hata kidogo, na nikajua nimekwisha. Baba akatazama mpaka mwisho, akamsifu sana.

"Huko kwenu mambo yamenyooka," akamwambia. "Watu wapo, uwanja upo, marefa wapo na vibendera vyao. Sasa mimi nije kufanya nini?" Akanigeukia. "Lakini kwa Mama kuna namba nne anacheza na viwiko, na hakuna wa kumwambia. Mwambie amefungiwa mpaka nifike."

Nilimwambia. Hakubisha. Wiki baada ya wiki alikuja na viatu vyake vya mpira, akaketi nje ya mstari, akaniuliza Mzee anafika lini, nami nikamjibu tunangoja visa. Juzi imetoka. Aliponiuliza, nikainua simu juu kama siku ile, nikamwonyesha tarehe ya ndege.