Mkono Juu ya Tumbo la Ng'ombe

Daktari wa mifugo wa Dundori huvua pete kwanza, hujipaka sabuni hadi kwapani, na humsalimia ng'ombe kabla ya wenye boma. Sauti yake haipandi, hata leo ambapo ndama amekwama tumboni, naye Wamuyu, anayejifunza kwake, anavuta kwa pupa kamba iliyofungwa miguuni mwa ndama.

“Legeza, Wamuyu.”

“Daktari, nimezalisha wengi mimi!”

Akavuta tena. Ng'ombe akaguna, akapiga magoti. Daktari hakufoka, aliushika mkono wa Wamuyu, akaulaza juu ya lile tumbo.

“Mwalimu ni huyu. Hata mimi humngoja asukume.”

Wamuyu akalegeza kamba, akangoja. Tumbo likakakamaa chini ya kiganja chake.

“Nivute?” aliuliza, kwa mara ya kwanza.

“Vuta.”

Ndama akatoka akipiga chafya.