Siku Nilipomwandikia Mume Wangu Jiwe la Kaburi

Leo nacheka, lakini mwezi mzima nilikuwa naingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Binti yangu Neema alipewa kazi na mwalimu wake: kila mtoto atengeneze nyumbani mfano wa kitu cha kale (kana kwamba sisi wazazi tunakaa tu). Wenzake walipata chungu, walipata shanga, wangu akapata jiwe la kaburi la Ireland ya zamani, ambalo mwanzo lilikuwa jiwe la kusagia nafaka, likaacha kazi hiyo, watu wakalichonga msalaba na jina la marehemu na ombi kwamba aombewe. Jiwe la duara, tundu katikati.

Mume wangu Bonifas akasema, "Niachie mimi, Mama Neema." Jumamosi ikafika, akavaa skafu ya timu yake, akaenda uwanjani.

Nikawaka. Mimi nasuka nywele kando ya barabara hapa mtaani Bertrams, na mwavuli wangu unasimama kwenye zege la duara lenye tundu katikati, basi nikalivuta mpaka getini, nikachora msalaba kwa rangi nyeupe ya kucha.

"Mama, tuandike jina la nani?"

Hasira ikajibu kabla yangu. Nikaandika MWOMBEENI BONIFAS, nikaliegemeza ukutani likauke, tukaacha mlango wazi, tukaenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate (na umbea kidogo, sikatai).

Kurudi, makochi yangu yako nje. Akina mama wa kanisa wameketi chini sebuleni, vitenge viunoni, wanaimba nyimbo za msiba. Kiongozi wao, Mama Esther, akanikumbatia. "Jikaze, mwanangu. Yaani umebeba peke yako, mpaka jiwe tayari, sisi hatujui?"

Hapo ndipo ningesema. Lakini ningesema nini, kwamba nimemzika mtu kwa ajili ya mpira? Nikainamisha kichwa, wakazidi kulia.

Bonifas akatokea na skafu yake. Aliona makochi nje, akavua kofia, akaketi na wanaume wa kanisa waliokuwa hapo nje. "Poleni sana. Nani ametutoka?"

Mzee aliyekuwa karibu naye aliinuka, akatembea haraka mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, hakugeuka. Mama Esther akaanza kukemea pepo.

"Papa, hujafa," Neema akamwambia. "Ni kazi ya shule."

Bonifas akalisoma jiwe, akanitazama mbele ya kanisa zima. "Mpira?"

"Mpira."

"Eish. Basi jiwe langu nitalibeba mwenyewe."

Na Jumatatu alilibeba begani mpaka shuleni, watu wakimpisha njia. Neema akasifiwa na darasa zima.

Nimeapa, nikikasirika tena nitatukana kwa mdomo, maana maneno ya mdomo hayahitaji kusuguliwa. Rangi ile imegoma kutoka na mwavuli unahitaji zege lake, kwa hiyo kila mteja mgeni anayekaa kusukwa ananishika mkono ananipa pole, namwambia marehemu yuko kazini, atarudi jioni. Bonifas naye, kila Jumamosi akishika skafu, anasimama mlangoni kwanza.

"Niende, au rangi ya kucha bado ipo?"