Tulivyomwomba Binti wa Mhunzi Anikatae

Nilikubali. Shangazi aliponiambia nimwendee yule binti nikamwombe anikatae mbele ya wazee, nilipaswa kusema hapana, kuchukua kofia yangu na kuondoka. Badala yake nilisema, "Sawa, shangazi, nitamwambia." Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimesoma sekondari wakati wasomi wa milima yetu wakihesabika, na nilidhani mtu aliyesoma hupimwa kwa utulivu wake.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani kwenye boma la Same, penye joto na vumbi la mkonge. Kwetu ni juu, Myamba, kwenye ukungu na migomba. Mwisho wa mwezi nilishuka Hedaru kwa lori au kwa treni, halafu nikapanda mlima kwa miguu. Baba alikuwa amefariki. Baba mkubwa alikuwa chifu wa sehemu ile, na shangazi, dada yao, ndiye aliyeendesha heshima ya ukoo. Ndiye aliyejua nani akae benchi gani kanisani, nani aalikwe harusi gani, na nani apewe chai kwenye kikombe kipi.

Binti niliyempenda alifundisha wasichana kwenye shule ndogo ya misheni, upande wa kwenda Chome. Baba yake alikuwa mhunzi, na baba wa baba yake vilevile. Majembe yote ya milima ile yalipita mikononi mwao. Hata hivyo, tangu zamani watu wa kwetu waliogopa kuoa kwa wahunzi. Ilisemwa kwamba mhunzi akivunjiwa ahadi ya binti yake huchukua nyundo akagonga fuawe tupu, bila chuma cha kufua juu yake, akiutaja ukoo uliomdharau, na ukoo huo huanza kupukutika.

Kilichotukutanisha ni kitabu. Mke wa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa boma letu, alipokuwa anarudi kwao aligawa sanduku la vitabu, nami nikapata riwaya ya Kimarekani iliyokwisha kuchanika jalada. Ilihusu familia za kitajiri katika mji mkubwa wa huko, na binti aliyependana na kijana ambaye babu yake alikuwa mchinjaji. Hakuna sheria iliyowazuia. Hakuna aliyepigwa wala kufungiwa ndani. Watu waliacha tu kuwaalika chakula, basi. Jumapili baada ya ibada nilimsindikiza binti wa mhunzi hadi kijitoni, nikimsimulia kwa Kiswahili sura niliyoisoma wiki ile.

"Kumbe Wamarekani nao wana shangazi!" alisema siku ya kwanza, akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe.

Alipenda kuniuliza mambo ambayo kitabu hakikuyajibu. Nani aliwafulia zile glovu nyeupe? Mama wa kijana alisema nini? Kijana alipoanza kulegea, alikasirika kabisa.

"Karani, huyu anangoja nini? Miguu anayo?"

"Anaogopa kuwaaibisha wazazi wake."

"Anaogopa kukosa supu."

Mwishoni kijana alikubali kusafiri nchi za mbali, na binti akaolewa na mtu wa nyumba iliyostahili, akaishi akiandaa chai kwa watu asiowapenda. Nilimlaani yule kijana kwa moyo wangu wote. Nilimwambia binti wa mhunzi kwamba mwanamume wa namna ile hafai hata kupewa maji. Alinitazama usoni, akavuka kijito.

Mwaka ule mama yangu alituma washenga na chungu cha kwanza. Kanisa lilikuwa limekataza pombe, kwa hiyo familia za kikristo zilipeleka togwa, ila maneno yalibaki yaleyale ya pombe. Chungu cha kwanza kikinywewa, ahadi imefungwa. Chungu cha pili kikiletwa ndipo binti huitwa, akaulizwa mbele ya pande zote mbili: "Tunywe au tumwage?" Mhunzi na ndugu zake walikunywa chungu cha kwanza. Mama alifanya haraka makusudi, baba mkubwa akiwa safarini Tanga.

Baba mkubwa aliporudi, shangazi alimwalika yule binti chai. Nilikuwepo. Alimpokea kwa maneno matamu, akampa kikombe cha kauri chenye maua, kile cha wamisheni na wageni wa serikali. Sisi wengine tulikunywa kwenye vikombe vya bati. Nilifurahi, nikadhani amepokelewa. Njiani kurudi binti aliniambia, "Mtu unayetaka abaki humpi kikombe cha wageni."

Wiki mbili baadaye shangazi aliniita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa. Si hapo, hapo pana jua." Alisubiri nikae. "Msichana ana adabu. Na meno mazuri."

"Asante."

"Sikukusifia wewe, nimesifia meno yake." Alikunja kitambaa chake magotini. "Sasa. Sisi ni watu wa kanisa, hatuogopi nyundo ya mtu."

"Basi tatizo liko wapi?"

"Wengine wanaiogopa, na hao wengine ndio wanaotuoza na kutuolea. Umwoe huyo, dada zako watazeekea jikoni."

"Chungu kimekwisha kunywewa, shangazi."

"Najua. Mama yako ana mbio kama mbuzi aliyeona chumvi. Sisi hatuwezi kukirudisha, tukirudisha tumevunja ahadi." Alishusha sauti. "Na ahadi ikivunjwa na sisi, yule mzee ana fuawe nyumbani."

"Si umesema hatuogopi?"

"Hatuogopi. Ila kwa nini tumchokoze? Akikataa binti mwenyewe, hakuna aliyevunja kitu. Anakupenda, ukimwomba atafanya."

Niliuliza, nikikataa, mama yangu atakuwaje. Shangazi alishangaa, kana kwamba nimemtukana.

"Nani kasema kumfukuza? Shamba ni lake. Tutasahau tu kumwalika."

Maneno hayo niliyatumia miaka mingi kujitetea, kwamba nilimlinda mama, mjane, asije akakaa peke yake nje ya mzunguko wa ndugu. Ukweli ni kwamba mama hakuniomba nimlinde, wala sikumuuliza. Ningemuuliza angenijibu, nami sikutaka jibu lake. Nilipenda kuitwa mtoto wa nyumba ya chifu. Nilipenda watu wa Hedaru wanipishe kwenye mlango wa duka.

Nilimkuta binti kwenye shamba la shule akichuma maharage.

"Karani, leo umepanda mlima siku ya kazi. Kuna nani mgonjwa?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma barua ya boma. Aliendelea kuchuma mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo mnaogopa nyundo," alisema.

"Sisi hatu..."

"Msiogope. Mara ya mwisho baba kuishika alikuwa anatengeneza jembe la mama yako."

Nikamwambia kwamba ni jambo la muda, labda baada ya mwaka mmoja au miwili mambo yatatulia. Alinyoosha mgongo, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Usiniongezee uongo juu ya mzigo. Nitasema mnachotaka. Ila na wewe uje, usijifiche kazini kwako. Nataka unisikie."

Nilikwenda. Tulikaa uani kwa mhunzi, wazee wa kwetu upande mmoja, wa kwao upande mwingine, chungu cha pili katikati. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeanza kupanda. Mshenga wetu, mzee mcheshi ambaye hakuambiwa lolote, alitania kwamba kiu imemkausha mpaka masikio. Watu wakacheka. Binti akaitwa, akaulizwa kama ilivyo desturi.

"Mwageni," alisema.

Mshenga alidhani hakusikia vizuri. "Mwanangu, tunywe au tumwage?"

"Mwageni. Ukoo wao hauna neno. Ni huyu mwenyewe, simtaki."

Aliniangalia alipokuwa akisema hayo, na hakuficha uso. Kisha baba yake akasimama. Mzee yule, ambaye milima mizima iliogopa mkono wake, alivua kofia na kuwaomba radhi wazee wetu. Alisema hajui binti yake ametoa wapi kiburi, labda ni yeye aliyemsomesha kupita kiasi. Alituomba tusiweke kinyongo.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesimama nikasema, "Mzee, vaa kofia yako, mimi ndiye niliyemtuma." Maneno hayo hayazidi pumzi moja. Nilitazama viatu vyangu. Shangazi alikuwa ameniagiza nivae viatu vipya.

Togwa ilimwagwa. Tulirudi Myamba tukiwa watu wasio na kosa, tena tuliokosewa.

Habari ilishuka mpaka sokoni Hedaru: binti wa mhunzi, mwenye kiburi, amekataa nyumba ya chifu. Hakuna mshenga mwingine aliyepanda njia ile. Nani amtume mtu wake akaaibishwe mbele ya wazee? Alifundisha mpaka alipozeeka, akaishi kwenye nyumba ya baba yake, na hakumwambia mtu. Najua hakusema, kwa sababu angesema ningesikia.

Mimi nilioa nyumba iliyostahili. Mke wangu alikuwa mwema na alikuwa anajua kuandaa vikombe. Siku moja, tukiwa na watoto watatu, aliniambia bila hasira, "Mwenzangu, wewe uko hapa kama mtu anayengoja lori." Alinipikia miaka mingi baada ya hapo, na hakulirudia.

Mama yangu, kabla hajafa, aliniuliza kuhusu yule binti. "Nilimpenda. Jembe la baba yake bado ninalo. Tulimkosea nini hata atukatae vile?"

Nilimwambia sijui.

Sasa wote wamekwisha kufa: shangazi, baba mkubwa, mhunzi, mama, mke wangu, na mwaka juzi huyo binti mwenyewe. Wahunzi wamebaki wachache na vijana hawajui hata hofu yenyewe ilikuwa ya nini. Kwa kusema "sawa, shangazi" nilimpoteza mwanamke pekee niliyempenda, nikaacha aitwe mwenye kiburi maisha yake yote kwa kosa langu, nikamwoa mwanamke mwema nisimpe mume, na mama yangu akafa akiamini kwamba alidharauliwa na binti aliyempenda.